Depu na Kiti cha Bluu

Mlimani Rovers ya Kitale ilikuwa na viti viwili vya makocha, na viti hivyo viliheshimiwa kuliko baadhi ya wachezaji. Kimoja kilikuwa cha plastiki, rangi ya bluu, chenye mikono ya kuegemea. Hicho kilikuwa cha kocha mkuu. Kingine kilikuwa cheupe, hakina mikono, na mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa waya. Hicho kilikuwa cha msaidizi. Timu ikienda kucheza ugenini, viti vilipanda lori pamoja na wachezaji. Nafasi ikiwa finyu vijana walipakatana, lakini kiti cha bluu kilifungwa kamba juu ya mifuko ya jezi, kikatulia huko kama mgonjwa wa maana, na hakuna aliyethubutu kukikalia njiani hata kama goti lilikuwa linamwaka moto.

Sufian alikalia kile cheupe miaka kumi na minne.

Mjini walimwita Depu, vile wanafunzi wanavyomwita naibu wa mwalimu mkuu. Jina lilimganda mpaka msikitini Bondeni, ambako wazee wakimtafuta baada ya swala waliulizana Depu ameelekea wapi. Jina la Sufian lilibaki kwa kitambulisho na kwa mke wake, Zaitun. Zaitun alipofariki, mwaka wa elfu mbili na moja, likabaki kwa kitambulisho peke yake.

Katika miaka hiyo makocha wakuu sita walikuja na kuondoka. Mmoja alikunywa, mmoja aliomba sana, mmoja alikuwa na filimbi nzuri na hakuwa na kingine. Depu aliwapangia wote koni za mazoezi, akawapasha wachezaji misuli, na wakati wa mechi alifanya ile kazi aliyoijua kuliko zote. Alikiegemea kiti cha bluu na kunong'ona, "Kocha, si tumtoe fulani?" Kocha naye alisema mtoe, au alisema ngoja. Ulikuwa mgawo mzuri wa kazi. Depu alikuwa na maoni na kocha alikuwa na jibu, na maoni hayajawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Nje ya lango la uwanja palikuwa na jiko la Mama Joy, mchoma mahindi, na mchezaji akiachwa nje ya kikosi, au akitolewa katikati ya mechi, alimkuta Depu hapo anamsubiri. Mama Joy alivunja hindi moja katikati bila kuulizwa, nusu kwa Depu na nusu kwa mwenye huzuni. Walitafuna pamoja. Depu hakugusia mpira hata kidogo. Alisimulia habari za mwalimu mmoja wa mji mdogo wa Kwanza aliyeoa wake wawili wenye jina moja ili asije akakosea usingizini, au za ng'ombe wa jirani aliyekula shuka la imamu. Walipofika kwenye gunzi kijana alikuwa ameshacheka angalau mara moja, na mtu aliyecheka harudi nyumbani kuchoma jezi. Ndiyo maana Rovers hakuna aliyesema ameachwa. Walisema amekula mahindi.

Kocha wa sita, Gachanja, ndiye aliyekuwa kocha kweli. Aliifikisha timu kwenye ligi ya nchi nzima, daraja la chini lakini nchi nzima hata hivyo, na Julai ya mwaka wa elfu mbili na tano klabu moja ya Nairobi ikamwita. Aliondoka Jumatatu asubuhi na begi moja. Kiti cha bluu kilibaki stoo.

Hapo Kitale yote ikageuka kuwa chuo cha makocha. Kinyozi alitoa somo, mwenye kinu cha kusaga posho alitoa somo, na mtu mmoja wa stendi ambaye hajawahi kuupiga mpira isipokuwa ulipomgonga alisema msaidizi ni kama gurudumu la akiba, ukilifunga unaenda nalo mpaka gereji tu, si mpaka Mombasa. Wengine walimtetea. Walisema Depu anaijua timu hata akiwa amefumba macho. Ubishi wote ulirudi kwenye swali moja: Depu ataweza?

Mwenyekiti wa timu, Mzee Wekoye, mwenye duka la misumari na mabati, alimwita dukani akampa ukaimu wa mechi tatu. Akamwambia waziwazi kile kilichokuwa kinamsumbua. "Kujua mpira unajua, Depu. Hiyo hakuna mtu anabisha. Lakini wewe umezoea kuuliza. Sasa utauliza nani?"

Depu alicheka, kwa sababu lilisemwa kama mzaha. Alipofika nyumbani hakuwa anacheka tena.

*

Alhamisi ya kwanza alisoma majina kumi na moja kwa sauti iliyokwaruza. Aliyemwacha alikuwa Kevin, kiungo mpya mwenye mbio za swara na akili za swara vilevile. Baada ya mazoezi Depu alifanya kama kawaida yake. Alimsubiri kwenye jiko, Mama Joy akavunja, akampa Kevin nusu.

"Asante, kocha," Kevin alisema.

Depu akaanzisha ile ya mwalimu wa Kwanza na wake zake. Kevin alitafuna akiwa amesimama wima, akatikisa kichwa kila penye kituo, na mwisho alicheka mapema kidogo, kabla ya mahali pa kuchekea. Alikula kama mtu anayesahihishwa mtihani. Mahindi yakaisha, akashukuru tena, akaondoka haraka. Mama Joy, aliyekuwa ameshuhudia mamia ya mahindi yakivunjwa pale, aligeuza makaa na kusema polepole kwamba huyo kijana angependa kumlalamikia mtu, lakini mtu mwenyewe ndiye huyu aliyemshikia mahindi.

Ile mechi ya kwanza walicheza nyumbani, na timu ya Eldoret. Mtunza vifaa aliweka viti viwili kama kawaida, cha bluu na cheupe. Depu alivitazama. Miguu yake ikaamua yenyewe, akajikuta ameketi kwenye cheupe. Msaidizi wake mpya, Zachary, mwalimu wa shule ya msingi huko Kwanza, mtu mpole mwenye suruali iliyonyooshwa hata uwanjani, hakujua akae wapi. Kocha amekaa kwa msaidizi, na yeye hawezi kukaa kwa kocha. Akaketi kwenye nyasi. Kiti cha bluu kikabaki kitupu katikati ya watu kama ushahidi.

Kipindi cha pili, hali ikiwa bila kwa bila, nahodha Kemboi alianza kupitwa.

Hapa ni lazima Kemboi aelezwe. Alikuwa ametoka Endebess akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, mrefu, mkimya, mwenye njaa ya kutosha watu watatu. Zaitun alimlisha kwake misimu miwili mizima, akisema huyu si mchezaji, huyu ni shimo. Zaitun alipokufa, Kemboi alianza kuja kila Ijumaa na chupa ya maziwa ya ng'ombe wa baba yake. Alikaa kizingitini kwa Depu mpaka maziwa yachemke, wakanywa, wakaongea vitu ambavyo hata wao walivisahau hapohapo. Ijumaa ndiyo siku pekee nyumba ile ilikuwa na sauti mbili.

Sasa Kemboi alikuwa na miaka thelathini na tatu, na miguu yake ilikuwa imeanza kufika mahali baada ya mwenyewe kufika. Gachanja alikuwa akimtoa kipindi cha pili. Kila alipotolewa Kemboi alikuja kuketi kando ya Depu, anafuka, na Depu alimnong'oneza kwamba huyu Gachanja hajui mpira hata wa makaratasi. Kisha walienda kula mahindi. Kile ambacho Kemboi hakukijua ni kwamba kila mara, dakika tano kabla, kulikuwa na mtu aliyekiegemea kiti cha bluu na kusema, "Kocha, si tumtoe Kemboi?" Na hakuwa mtu mwingine.

Basi siku ile ya Eldoret, Kemboi alipopitwa mara ya tatu, Depu aliinama kushoto kwake, akaweka mkono kwenye mkono wa kile kiti, na kwa sauti ya miaka kumi na minne akasema, "Kocha, si tumtoe Kemboi?"

Akangoja jibu.

Alingoja kweli. Zachary aliyekuwa chini kwenye nyasi aliinua kichwa, akakitazama kiti, akamtazama Depu, akatazama nyasi tena. Nyuma yao mashabiki walikuwa wamesikia, na mmoja akajibu kwa upole, kama anayetoa habari tu, "Kocha hayuko, Depu. Ameenda Nairobi." Kicheko kilianzia hapo kikazunguka uwanja. Kilipokuwa bado hakijamaliza mzunguko, Eldoret walipita upande wa Kemboi wakafunga. Mechi ikaisha hivyo.

Wiki hiyo Depu alikwenda kunyolewa. Kinyozi alishika mashine, akakigeukia kiti kitupu kilichokuwa pembeni, akauliza, "Kocha, si tumnyoe?" Wateja walishika mbavu. Depu naye alicheka, tena zaidi ya wote, na alipotoka alipita njia ya nyuma ya soko ili asikutane na mtu.

Mechi ya pili ilikuwa Webuye. Kabla ya mechi timu ilikula katika hoteli moja kando ya barabara, ugali na maharagwe kwenye meza ndefu. Mhudumu, bila kuambiwa na mtu, alichukua sahani ya Depu akaiweka kwenye meza ndogo ya pembeni. Makocha wote sita walikuwa wakila peke yao. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na Depu ndiye aliyekuwa akiwafundisha wahudumu wa kila mji kuifuata. Alikaa pale kidogo akitazamana na chumvi. Kisha akabeba sahani yake akahamia meza ndefu. Wachezaji walisogea haraka kumpisha. Kemboi mwenyewe alimfutia mahali. Lakini kabla hajafika walikuwa wanamcheka mtu fulani, na alipoketi mmoja akauliza, kwa Kiswahili cha redio, kama mazoezi ya Jumanne yangeanza saa ngapi. Mpaka sahani zinaondolewa hakuna aliyeongea kitu cha maana au cha kipuzi. Depu aligundua kwamba yule waliyekuwa wanamcheka huenda alikuwa yeye, na kwamba hilo halikumuuma sana. Lililomuuma ni kwamba angekuwa kwenye kiti cheupe, angekuwa ndiye anayeongoza kicheko.

Walishinda Webuye, lakini kwa mvua. Mpira ulikwama kwenye dimbwi, beki wa Webuye akataka kuuokoa, akauokoa mpaka golini mwake. Wekoye alipopelekewa habari alisema, "Hiyo ni mvua ilishinda. Sasa niandike mvua kazi?"

Akaendelea kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Mechi ya tatu ilikuwa Bungoma, na Kanduyi Shooters, timu ambayo Rovers hawakuwa wameishinda tangu enzi za yule kocha wa filimbi. "Ukishinda Bungoma, kiti ni chako, nitamaliza maneno. Usiposhinda, hatukufukuzi. Unarudi tu kwa ile nyeupe. Kuna mtu wa Nakuru ako tayari."

Unarudi tu kwa ile nyeupe. Depu alitembea na maneno hayo kutoka dukani mpaka Bondeni. Mtu mwingine angeyasikia kama tisho. Yeye aliyasikia kama mtu anayeitwa ndani kwenye chai. Angerudi kuegemea na kunong'ona. Ijumaa zingekuwa Ijumaa. Jiko la Mama Joy lingekuwa na watu wawili. Kinyozi angenyoa kichwa bila mchezo wa kuigiza. Kushindwa Bungoma hakuhitaji hata kosa. Kulihitaji tu kumwacha Kemboi uwanjani kwa dakika tisini, kwa heshima, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kumheshimu nahodha.

Ila kulikuwa na miaka kumi na minne. Kila mara kocha aliposema ngoja, na wakafungwa wakati wanangoja, Depu alikuwa akienda nyumbani na, Zaitun alipokuwa hai, kumwambia, mimi ningemtoa. Zaitun alikuwa akipanga vyombo bila kugeuka. Siku moja alimjibu kwamba ameolewa na kocha mkuu wa jikoni. Depu alitaka kujua, kabla hajazeeka, kama Zaitun alikuwa anatania tu au alikuwa anasema kweli.

Siku mbili kabla ya Bungoma alienda kwenye kibanda cha simu akampigia Gachanja. Alitaka ushauri wa kiungo cha kati, ndivyo alivyojiambia. Waliongea habari za Nairobi, baridi yake na bei zake. Mwishowe Depu aliuliza kitu kingine kabisa: zile mara Gachanja alipokuwa akisema ngoja, alikuwa anangoja nini?

"Nilikuwa naogopa, Depu," Gachanja alisema. "Kila siku. Halafu nakumbuka wewe utaenda kukaa na yeye pale kwa mahindi. Ndio ningeweza kumtoa. Sikuwa na roho ngumu mimi. Nilikuwa na wewe."

Depu alirudisha simu mahali pake. Mwenye kibanda akamwuliza kama ni msiba.

*

Bungoma Jumamosi hiyo ilikuwa na jua kali, na uwanja ulikuwa umezungukwa na watu wanaotafuna miwa na kutema makapi kwa ustadi wa ajabu, karibu na viatu vya wageni lakini si juu yake. Mtunza vifaa aliweka viti. Depu alikizunguka cha bluu mara moja, kama mtu anayenunua punda, akaketi.

Kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani. Mkono mmoja ulikuwa na ufa uliobana nyama ya kiwiko kila alipoegemea. Makocha sita walikuwa wameubeba ufa ule na hakuna aliyemwambia. Zachary aliketi kwenye cheupe, magoti pamoja. Upande mwingine wa Depu hapakuwa na kiti wala mtu, palikuwa na chaki ya mstari na uwanja wenyewe.

Kipindi cha kwanza Kemboi alifunga kwa kichwa, kutoka kwa mpira wa adhabu, goli la mtu aliyesoma mahali mpira utaangukia kabla haujapigwa. Akakimbia mpaka kwenye benchi, akamwelekezea Depu kidole. Depu alisimama akasahau umri. Dakika kumi baadaye Kemboi huyohuyo aligeuka kumfuata kijana wa Shooters, na wakati anamaliza kugeuka kijana alikuwa anashangilia. Moja kwa moja. Wakaenda mapumziko.

Kipindi cha pili Shooters waligundua upande wa kupita na wakahamia huko wote. Kila shambulio lilipitia kwa Kemboi. Alipigana kwa mdomo, kwa mikono, kwa macho, kwa kila kitu isipokuwa miguu. Mashabiki wa Bungoma nao walikuwa wamekwisha kuona benchi halifanyi kitu, na mwanamke mmoja mwenye sauti ya kengele ya kanisa aliuliza kutoka nyuma, kwa lafudhi ya huko ambako kulala ni kurara, "Nyinyi watu wa Kitale, kwani kocha wenu amerara?"

Hapo Zachary, ambaye kwa wiki tatu kila alipoulizwa jambo alijibu wewe ndiye kocha, aliegemea kiti cha bluu. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya heshima.

"Kocha, si tumtoe Kemboi?"

Depu alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Ngoja."

Neno lilipokwisha kutoka alilitambua. Alilijua uzito wake, harufu yake, hata ule mtetemo mdogo mwishoni ambao miaka yote aliudhania kuwa ni busara. Akatazama upande wake mwingine, kule ambako maswali huenda. Palikuwa na chaki.

Kemboi alipitwa tena. Kipa aliutoa mpira kwa ncha ya kiatu.

Depu alisimama. Akamwita Kevin avue fulana ya mazoezi. Hakumwambia mengi, alimwambia akimbie tu, upande ule, mpaka watu wachoke kumtazama. Mwamuzi wa pembeni akainua kibao. Kemboi, akiwa ng'ambo ya uwanja, aliisoma namba, akaisoma tena, kisha akamtafuta Depu kwa macho. Alikuwa amezoea kumtafuta baada ya kibao, ili waangaliane kwa siri na kumlaani kocha pamoja. Safari hii macho yalifika, yakamkuta Depu amesimama mbele ya kiti cha bluu, na yakakaa hapo muda mrefu.

Akaanza kutembea. Uwanja ni mpana ukiwa unatolewa.

Mwili wa Depu ulikuwa umekwisha kuinama kuelekea kule atakapopita. Ulijua kazi yake. Angemwekea mkono begani, angemnong'oneza kitu. Lakini angemnong'oneza nini? Huyu Depu hajui mpira? Alishika mkono wa kiti ili asiende.

"Zachary," alisema. "Nenda ukae naye."

"Na wewe utabaki na nani, kocha?"

"Nenda. Hapo nje kuna miwa. Usimwambie habari ya mpira."

Zachary akaenda. Kemboi alipovuka mstari Depu alinyoosha mkono. Kemboi aliutazama, akavua kitambaa cha unahodha, akakiweka kwenye ule mkono kana kwamba ulinyooshwa kwa ajili hiyo, akapita. Kilikuwa kimelowa jasho. Kwa msukosuko ule hakuna aliyekumbuka kumpa mwingine, na Rovers walimaliza mechi bila nahodha, na refa hakuona.

Goli la ushindi halikuwa zuri. Kevin alikimbia upande ule, akaanguka, akainuka, akaurudisha mpira katikati bila kutazama, ukagonga watu watatu na kuingia kwa aibu. Wachezaji waliangukiana wote mahali pamoja. Depu alirusha mikono juu akageuka kumkumbatia mtu. Kiti cheupe kilikuwa kitupu. Benchi la akiba lilikuwa limekimbilia uwanjani. Alibaki mikono imefunguka, kitambaa kinaning'inia kwenye vidole, na yule mama wa sauti ya kengele akasema kwamba kumbe harali, ni vile tu hana mtu.

Baada ya filimbi ya mwisho alipeana mikono na kila anayestahili. Alizunguka lori kutafuta maji, na kabla hajafika nyuma akasikia Kemboi anacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu aliyekikataa kwanza. Zachary alikuwa amevunja muwa kwenye goti, amempa nusu, na alikuwa anasimulia habari za mwalimu wa Kwanza mwenye wake wawili wa jina moja. Kumbe alifundisha naye shule moja. Alikuwa na sehemu za hadithi ambazo Depu hakuwa amewahi kuzisikia.

Depu alipotokea kona ya lori, hadithi ilisimama. Kemboi alitema makapi, akasimama, akajifuta kiganja kwenye bukta na kumpa mkono.

"Hongera, kocha."

Miaka yote alikuwa Depu. Hata siku ya mazishi ya Zaitun alikuwa Depu. Alingoja kidogo, kama kuna neno jingine linalofuata. Zachary akamnyooshea kipande cha muwa. Depu alisema dereva anawangoja. Dereva alikuwa chini ya mti, anakula, wala hana haraka.

*

Wekoye alitimiza neno lake. Kiti kikawa cha Depu, na kinyozi siku hiyo alimnyoa kimya, kwa adabu iliyomwudhi zaidi kuliko mzaha. Alhamisi alisoma majina kumi na moja. La Kemboi halikuwemo. Sauti haikukwaruza.

Ijumaa alirudi kutoka msikitini akaketi kizingitini, sufuria safi jikoni. Jua lilitoka kwenye ukuta mmoja likahamia mwingine. Aliyekuja alikuwa Zachary, na chupa ya maziwa mkononi, bado ina uvuguvugu. Alisema Kemboi ameituma. Amesema Depu akimaliza amwachie chupa kwa Mama Joy, ataichukua huko. Depu alimkaribisha asubiri maziwa yachemke. Zachary akasema amechelewa kwenda Kwanza, kocha, na ilikuwa kweli, ilikuwa inaonekana kwenye miguu yake.

Depu aliyachemsha, akanywa, akaisuuza chupa. Jioni aliipeleka. Mama Joy aliipokea akaiweka chini ya meza yake, akachagua hindi lililoiva vizuri, akalishika kwa mikono miwili.

"Nikuvunjie?"

"Wacha liwe zima."

Mama Joy alitazama nyuma yake kuona kama kuna mtu anakuja. "Hili kubwa hivi? Peke yako?"

"Nitaweza," Depu alisema.

Akalipokea, likamchoma kidogo viganja. Akasogea mbali na jiko ili asizuie njia ya wateja, akaanza kulila akiwa amesimama, punje kwa punje, akitazama lango la uwanja.